Nguo ya Bibi wa Jiwe

Mwenyekiti wa kijiji alipobisha, Guk Panseok alikuwa amechuchumaa jikoni akipasha moto supu ya jana, ambayo hata hiyo jana ilikuwa ya juzi. Hakuinuka. Na Mwenyekiti Yeom naye hakuingia. Alisimama nje ya kizingiti, viatu miguuni, kama mtu anayezungumza na nyumba yenye ndui.

"Baba Misuk, umeamkaje?"

"Nimeamka. Ndilo kosa langu la kwanza leo."

Mwenyekiti akacheka kidogo, kicheko cha adabu. "Nimekuja kwa mambo mawili. La kwanza unalijua. Leo ni siku ya Bibi, na wewe una msiba, mwaka haujaisha. Mwenye msiba hamsogelei."

"Kwani nimekwambia nina hamu naye?"

"Sijasema una hamu. Nakukumbusha tu, maana wageni ni wengi." Akajikuna shingo. "La pili ni hivi. Baada ya kuvuta kamba, watu wa mambo ya kale watamvua Bibi. Mabua yote, mpaka ndani. Wanasema yanashika maji, yanaliozesha jiwe. Mimi nimeona nikwambie mwenyewe kabla hujasikia kwa wengine."

Panseok aliweka upawa chini. Supu ikaanza kuchemka na hakuna aliyeitazama.

"Wanavua kwa mikono?"

"Kwa visu, nadhani. Wamekuja na magunia."

Mwenyekiti alipoondoka, Panseok alikaa kitako sakafuni, akaiacha supu ikaungua.

Bibi alisimama mdomoni mwa kijiji cha Solgae, pale uchochoro unapokutana na barabara. Watu walisema ni nguzo ya jiwe, na bango la serikali lililokuwa kando yake lilisema hivyo hivyo kwa maandishi makubwa: kumbukumbu ya taifa, nguzo ya jiwe. Lakini jiwe lenyewe hakuna aliye hai aliyeliona. Kila mwaka, mwezi wa kwanza unapojaa, kijiji kiligawanyika, wanawake huku na wanaume kule, wakavutana kamba nene ya mabua ya mpunga. Wanawake walishinda, kwa sababu mavuno ni ya wanawake. Kisha washindi waliibeba ile kamba wakamviringishia Bibi, juu ya nguo ya mwaka uliopita. Bibi havuliwi. Huvalishwa nyingine juu, na za ndani zikioza ni siri yake. Kwa hiyo Bibi alikuwa mnene kama pipa, na kichwani ameachwa wazi kidogo tu, palipokuwa pameota ukoga ulioficha jiwe. Serikali ilisajili jiwe. Mabua haikuyataja.

Na nguo ya juu kabisa, iliyokuwa imekwisha kuwa ya kijivu kwa mvua na theluji, alikuwa ameisokota Ok Bunrye, mke wa Panseok.

Bunrye alikuwa wa mkono wa kushoto. Alipoletwa Solgae akiwa bibi harusi, mama mkwe alimgonga vidole kwa kijiko kila alipokula kwa mkono huo, akamwambia amekuja kula kama jini. Lakini kamba ya Bibi husokotwa kushoto. Kamba ya kufungia ng'ombe, ya kuezekea, ya kubebea kuni, zote huenda kulia. Ya Bibi peke yake huenda kushoto, ili balaa likiifuata lipotee njia. Siku mama mkwe alipomwona yule msichana anasokota, kamba ikimtoka viganjani bila kusita, kijiko hakikugonga tena vidole nyumbani mle. Tangu hapo kamba ya Bibi ikawa kazi ya Bunrye. Wengine walisokota pia, lakini moyo wa kamba, ule ukambaa wa katikati unaobeba nyingine zote, ulikuwa wake.

Mwaka uliopita alikuwa amekwisha anza kuhema. Karibu na mwisho mikono ilimchoka, akamwachia Panseok kipande kidogo amalizie. Panseok akasokota, na kipande kikaenda kulia. Hakujua mpaka Bunrye alipokishika akacheka.

"Umelifungulia balaa mlango," alisema. "Nitakifungia ndani, asikione mtu."

Wakati wa kupandikiza mpunga, moyo wake ukagoma. Gari la wagonjwa lilikuja, na lilikuja haraka, hilo Panseok hakulikataa. Lakini lilifika kwa Bibi likasimama. Uchochoro wa Solgae ni wa enzi za mikokoteni ya ng'ombe. Kila mwenyekiti tangu ujana wa Panseok aliahidi kuupanua, na kila mara jibu lilirudi lile lile: ukuta wa uchochoro uko kwenye eneo la kumbukumbu ya taifa, haubomolewi, wala karibu yake hapachimbwi. Kwa hiyo Panseok alimlaza mkewe kwenye mkokoteni wa vitunguu saumu akamsukuma. Kutoka mlangoni kwake hadi kwa Bibi si mbali. Ukiwa na mkeo kwenye mkokoteni ni mbali. Walipofika, dereva aliinama, akasikiliza, akavua kofia. Na Bibi alikuwa pale, mnene, ametulia, amevaa kamba ya Bunrye.

Toka siku ile Panseok alipita mbele yake bila kumwamkia. Aliwalaumu wenye bango, akawalaumu wenyeviti, akalilaumu na jiwe lisiloonekana. Lakini kamba haikuwa na hatia. Kamba ilikuwa mikono ya mtu.

Akavaa koti akatoka.

Mwezi wenyewe ulikuwa bado haujajaa. Ila mwezi haufanyi kazi ofisini, na wageni wa mjini hupatikana Jumamosi, basi sikukuu ilisogezwa. Uwanjani kando ya barabara palikuwa na mahema meupe, vipaza sauti, na wapiga picha. Wanafunzi wa chuo walikuwa wameletwa kwa basi kuongeza nguvu, maana Solgae ilibaki na vikongwe tu. Wasichana wakapelekwa upande wa wanawake, na wavulana, mabega kama milango, upande wa wanaume. Panseok alisimama mbali, amejiegemeza kwenye ghala la vitunguu, pale ambapo hakuna ambaye angesema amesogea.

Kamba ilishushwa kutoka kwenye lori. Haikuwa imesokotwa Solgae. Mama Dongsik, aliyekuwa kiongozi wa upande wa wanawake na ambaye mdomo wake ulijulikana mpaka vijiji vya ng'ambo ya mto, aliibinya kwa vidole.

"Mbona ngumu hivi? Ina nini ndani?"

Aliyejibu alikuwa Bwana Tak, mkubwa wa wale watu wa mambo ya kale waliotumwa kutoka mjini, kijana kiasi, macho mekundu kwa kukosa usingizi. "Ina uzi wa nailoni katikati, mama. Kwa usalama."

"Haya. Bibi atavaa chupi ya nailoni uzeeni."

Vikongwe wakacheka wakishikana. Bwana Tak naye alicheka, halafu akatazama saa yake.

Ngoma zikalia, filimbi ikapulizwa, kamba ikavutwa. Na wavulana wakashinda.

Haikuchukua muda. Walijitupa nyuma kwa umoja, wakawaburuta wasichana na vikongwe kama gunia la viazi, wakarusha mikono juu. Kwenye kipaza sauti Bwana Tak akawapongeza. Akapiga makofi, na makofi yake yakabaki peke yake.

Upande wa Solgae hakuna aliyetikisika. Wazee wanaume walitazama viatu vyao. Mmoja akasema polepole, "Baba yangu alishindwa. Babu yangu alishindwa. Leo tumeletewa washindi."

Mama Dongsik akaketi juu ya kamba, katikati ya uwanja.

"Mama, tafadhali," alisema Bwana Tak. "Tuna ratiba. Inafuata kuvua yale mabua ya zamani, halafu kumvisha Bibi."

"Kumvisha nini? Wanaume wakishinda havishwi mtu. Mwaka huo ni njaa."

"Ni mchezo tu, mama."

"Kwako mchezo. Kwangu ni mpunga."

Bwana Tak akamgeukia Mwenyekiti Yeom, sauti chini. "Hamkuwaambia wavulana kwamba wanatakiwa kushindwa?"

"Nani humwambia mtu jambo hilo?" Mwenyekiti alionekana ameshangaa kweli. "Mimi hakuna aliyeniambia. Mtu hukua anajua."

Wakakubaliana kurudia, na hasa kwa sababu wapiga picha walitaka. Wavulana wakaelezwa. Wakatazamana wakacheka, na filimbi ilipolia waliiachia kamba palepale, wote kwa pamoja. Wanawake wakaanguka chali, miguu juu, na kikongwe mmoja akapoteza kiatu.

"Hiyo nayo ni kushindwa au ni kusukuma watu?" Mama Dongsik alisema kutoka pale chini. "Waondoeni watoto hawa. Leteni watu wanaojua kushindwa."

Wazee wa Solgae wakavua makoti. Walikuja mmoja mmoja, huyu na goti bovu, yule na mgongo, wakashika kamba pale mababu zao walipoishika. Sasa mizani ikaharibika kwa upande wa pili. Wasichana wa chuo walikuwa wamekwisha kwenda kwenye hema kunywa chai ya tangawizi, na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kwenda kuwaita. Mama Dongsik akahesabu vikongwe wake kwa macho. Halafu akageuka akatazama ghala la vitunguu.

"Baba Misuk. Wewe uliyesimama kama nguzo. Njoo huku."

Panseok akazidi kujibana kwenye ukuta wa ghala.

"Nasema na wewe. Au umesajiliwa na serikali, huwezi kuhamishwa?"

Watu wakacheka. Panseok alihisi uso unamchoma. "Nina msiba," alisema. "Na hata ningekuja, upande wangu ni ule."

"Upande ule ni wa wenye wake. Asiye na mke huvuta na sisi. Tangu zamani, vijana wasiooa wote ni wetu."

"Mimi si kijana."

"Sikuulizi miaka. Una mke?"

Upepo ulipiga plastiki za vibanda vya mboga, zikapapatika. Binti yake Misuk, kwenye simu kutoka mji wa Incheon, husema "tangu mama aondoke." Mwenyekiti husema "msiba wako." Kwa miezi yote ile hakuna aliyemuuliza swali hilo hivyo, wazi, kama anavyoulizwa mtu kama ana shoka.

"Sina," alisema.

"Basi pita huku."

Mwenyekiti Yeom akainua mkono. "Mama Dongsik, mila ni mila. Mwaka haujaisha, mtu ana uzito wa kifo."

"Na mimi ninao. Alikuwa mke wake, sawa. Alikuwa mwenzangu kwenye kamba hii tangu tulipoletwa hapa kuolewa, nikishika nyuma yake, nikitazama kisogo chake. Mimi nani alinipangia mwaka? Nimekuja, nimevuta, Bibi hakuniuma."

Mwenyekiti alishusha mkono. Alikuwa mtu aliyezoea kushindwa pande zote, juu na chini.

Panseok akavuka uwanja. Hakwenda kwa ushujaa. Alikwenda kwa sababu kusimama nako kulimchosha. Wakamweka pale penye nafasi wazi, mbele ya Mama Dongsik, na haikuhitaji kuelezwa ni nafasi ya nani.

Filimbi ikalia. Tangu aoe alikuwa amevuta upande wa pili, na aliujua ufundi wa kule: unavuta kweli, unang'ang'ania, unarudi tena, halafu mahali fulani bila kuambiana mnaanza kuachia kidogo kidogo, mkiguna, ili ionekane mmelemewa. Walikuwa wakijisifu wakinywa pombe ya mchele jinsi walivyowadanganya wake zao. Sasa aliisikia kamba kutoka upande huu. Iligoma, ikagoma, kisha ikaanza kuja taratibu, kama mtu anayekubali kubembelezwa. Mtoto mdogo angejua. Bunrye alijua, kila mwaka, na kila mwaka alirudi nyumbani akitamba kwamba wanaume wa Solgae ni uji mtupu. Na yeye Panseok alimwacha atambe, akijiona mjanja.

Wazee wakaanguka kifudifudi wakilalamika viuno, wameridhika kabisa. Wanawake wameshinda.

Kwa Bibi vijana wawili wenye aproni walikuwa wakingoja na visu vilivyopinda. Magunia yalikuwa yametandazwa chini, mapya, meupe. Wanawake walifika na kamba mabegani wakaimba wimbo wa kuvisha, na Bwana Tak akasubiri wamalize, hilo lazima lisemwe. Halafu akawapa ishara vijana wake.

"Bwana," alisema Panseok. "Hiyo ya juu."

"Naam, mzee?"

"Hiyo ya juu kaisokota mke wangu. Msiikate."

Bwana Tak alimtazama, akatazama magunia. "Mzee wangu, pole sana. Lakini haya yote yanatolewa leo. Jiwe linaharibika. Si mimi niliyeamua, mimi natumwa tu."

"Kila mtu aliyefika hapa alitumwa. Waliosema ukuta usibomolewe walitumwa. Nimezeeka nikingoja kumwona huyo anayetuma." Hakupaza sauti. Hakuwa na sauti ya kupaza. "Sikuzuii. Jiwe ni lenu, mmeliandika. Mimi nataka ile ya juu itolewe kwa mkono."

"Vijana wangu wanaweza..."

"Vijana wako hawamgusi," alisema Mama Dongsik, amejishika kiuno. "Bibi huguswa na walioshinda. Huyu kashinda, wote mmeona, na picha mmepiga. Atafungua yeye. Nasi tutamvika hii ya chupi ya nailoni juu ya zilizobaki, asilale uchi sikukuu yake. Visu mje navyo siku nyingine."

"Mama, mimi nikirudi na magunia matupu nitaulizwa."

"Waambie ulikuta wanawake."

Bwana Tak alisugua macho yake mekundu. Wapiga picha walikuwa wamesogea. Basi la wanafunzi lilipiga honi. "Jumatatu," alisema mwishoni. "Jumatatu narudi, na sitaki tena maneno."

"Jumatatu ni Jumatatu," alisema Mama Dongsik.

Panseok alitafuta fundo kwa vidole. Mabua yalikuwa na baridi, yamelainika, yakitoa harufu ya shamba lililokwisha vunwa. Akalipata fundo ubavuni, akalilegeza, akaanza kumzunguka Bibi kinyume, akiikusanya kamba mkononi. Ilikuwa nzito kuliko alivyodhani, na mahali pengine ilikatika yenyewe, naye akaunganisha vipande begani. Kila msokoto ulikwenda kushoto. Kushoto, kushoto, umbo moja, kama mtu anayerudia neno moja bila kuchoka. Alipofika mwisho, pale kamba ilipogusana na zile za zamani, akakiona kipande chake. Kilikuwa kimefungiwa ndani kabisa, kimekunjwa mara mbili na kufunikwa, kinakwenda kulia.

Akakishika muda kidogo. Kisha akakiongeza kwenye vipande vingine.

Hakungoja wanawake wavike ile mpya. Aliingia uchochoroni na lile lundo begani, na kwa kuwa lilikuwa pana na uchochoro ni ule ule, mabua yalikwaruza ukuta wa huku na ukuta wa huku. Ikabidi atembee ubavu ubavu. Nyuma yake akasikia viatu vya mpira vya Mama Dongsik.

"Mwakani utasokota wewe," alisema kikongwe. "Upo kwetu sasa."

"Mkono wangu unakwenda kulia."

"Tunajua. Tuliona mwaka jana, siku ile ile ya kuvika. Bunrye alidhani amekificha kipande chako." Akakohoa. "Tukamwacha adhani hivyo."

Panseok alisimama. Hakuweza kugeuka kwa ajili ya lundo na kuta, basi alisimama tu, uso kwenye mawe. Mabega yake yalitikisika kidogo, na kama ni kicheko au ni kingine Mama Dongsik hakuuliza.

"Songa basi," alisema. "Umeziba njia."

Nyumbani akakwangua sufuria iliyoungua, akaongeza maji, akala.

Jumatatu wenye visu walirudi, na Solgae nzima ikatoka kwenda kuona jiwe. Panseok hakwenda. Baadaye wengine walisema Bibi ni mwembamba kuliko walivyofikiri, wengine wakasema ndivyo walivyofikiri siku zote. Hakuuliza. Alikuwa nyuma ya nyumba kwenye tuta la vitunguu saumu, amepiga magoti, akifungua ile kamba bua kwa bua na kuyatandaza kwenye miche, kama Bunrye alivyokuwa akifanya na mabua yoyote yaliyomfikia. Yaliyokwenda kushoto na yale machache yaliyokwenda kulia aliyachanganya. Baridi ilikuwa bado haijaisha, na miche ilikuwa bado midogo.